Kimefungwa, Lakini Kapewa Nani?

— Bibi, hayo mambo ya kompyuta hayakuhusu.

Ndivyo alivyoniambia Kinyozi, mbele ya watu, tena amekalia benchi langu. Benchi liko chini ya dirisha langu, kahawa natia mimi, na wanaogombana ni wajukuu zangu. Sasa linalonihusu ni lipi?

Nikaanza upya, maana Fundi Saa ndiyo kwanza alikuwa anafika. Wajukuu zangu wawili, dada na kaka yake, wanaandika programu ya duka la dawa. Inakaa kwenye seva, ile kompyuta isiyozimwa, na kazi yake ni kupiga hodi kwenye seva ya maabara: inapeleka jina la mgonjwa, inarudi na majibu yake. Yote yanasafiri yamefungwa kwa siri kama kifurushi, hata mtu akiyadaka njiani ataona vurugu tupu. Shida ni kwamba seva ya maabara ina cheti, yaani kitambulisho chake, ilichojiandikia yenyewe. Programu ikakiona, ikagoma kuongea nayo. Kaka mtu, na haraka zake, akaongeza mstari mmoja: usiangalie cheti, ongea tu. Ikaongea. Dada mtu akasema kazi ya namna hiyo hawezi kuiwekea jina lake, akabeba kompyuta yake akahamia kwa shangazi yake. Na duka linaanza kuitumia kesho.

— Wewe ukaamua vipi? — Fundi Saa akaniuliza.

Niliamua kama ninavyoamua siku zote, upesi. Nilisema kifurushi si kimefungwa, mnagombania nini tena, nikampa ushindi kaka mtu. Mimi huwa sikosei. Waulize binti zangu, wamechoka kuniambia.

Kinyozi, yeye aliyesema hayanihusu, akayachukua yote yakawa yake. Akasema siri ikizidi uzito seva inachoka, ndiyo maana jioni mtandao unakuwa mzito. Fundi Saa akakataa. Kwake yeye kila kinachoharibika ni saa, basi saa ya seva imechelewa, aletewe aifungue. Kinyozi akasema haifunguliki, shemeji yake amewahi kuiona, inawekwa kwenye baridi kama nyama, na cheti kimelowa humo. Nami nisiachwe nyuma, nikasema cheti ni muhuri tu, wangeniletea mimi nigonge, mtaa huu namjua kila mtu. Hakuna aliyecheka. Hapo ujue tulishazama.

Kumbe ndani kwa Kinyozi, hapo jirani, kulikuwa na mteja, kasahauliwa kitini. Akatoka na shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja, akasimama anatusikiliza.

— Samahani, — akasema. — Kwamba kimefungwa nimesikia. Nauliza, kapewa nani?

— Maabara, — Kinyozi akajibu.

— Mmejuaje kama ni maabara?

Fundi Saa akachungulia kikombe chake. Kinyozi akakumbuka mashine yake iko ndani inaunguruma. Mimi niliyetoa hukumu nikaanza kukusanya vikombe, na watu walikuwa bado wanakunywa.

Maana ndicho alichokisema dada mtu, neno kwa neno, mimi nikasikia tu kwamba anapandisha sauti. Alisema mtu yeyote akijipenyeza katikati akadai yeye ndiye maabara, programu itamkabidhi majina ya watu na magonjwa yao, yamefungwa vizuri kabisa, na ufunguo anao yeye. Alitaka watu wa maabara walete cheti chao kwa mkono, programu ikijue hicho, na kingine chochote ikikatae. Kaka yake akasema watachelewa. Nami nikaona kuchelewa ndilo kosa.

Sasa wewe unayenisikiliza, unapita kwa shangazi yao, si ndiyo? Mwambie bibi kageuza uamuzi. Ule mstari unafutwa, duka litasubiri, kaka yake nimeshamwambia na kanuna, ananuna vizuri tu. Mwambie arudi nyumbani. Lakini umkute peke yake. Shangazi yake akisikia atanicheka mpaka mwakani. Na akikuuliza atajuaje kama kweli ni mimi niliyekutuma, usijitetee. Mwambie asikuamini, aje aniulize mwenyewe.