Abiria wa Jumanne na Ijumaa

Wapendwa wafiwa, Mchungaji, majirani wa Akalla, ndugu mliotoka Tumba na Farsta, na nyinyi wageni wawili mliosafiri tangu jana kutoka kaskazini, familia imeamua historia ya mzee wetu isomwe kwa Kiswahili, kwa kuwa humu kanisani tuko Waganda, Wakenya, Watanzania, Wakongo na Warundi, na hii ndiyo lugha isiyomwacha mtu mzima yeyote mlangoni, na wale wasioijua wamepewa karatasi za Kiswidi, ambazo ni fupi kuliko haya mtakayoyasikia, na sababu yake mtaielewa huko mbele. Anayesoma ni Zakayo, kaka yake mjane, na mumvumilie, maana marehemu mwenyewe alikuwa akisema kwamba shemeji huyu hajui kusimulia jambo bila kulitia chumvi.

Marehemu Samwiri Kiggundu alizaliwa tarehe 14 Machi 1955, katika kijiji cha Kalungu, karibu na mji wa Masaka, nchini Uganda, akiwa mtoto wa nne kati ya tisa, katika nyumba iliyozungukwa na watu pande zote, ambamo ukikohoa ndani, jirani anakupa pole akiwa nje. Mama yake alimlea kwa adabu kali, kwamba mtu mkubwa husalimiwa na husikilizwa lakini hachunguzwi, na mwanamke mzee hasa haulizwi anakokwenda wala anachokifuata huko. Adabu hiyo aliibeba maisha yake yote.

Alisoma shule ya msingi Kalungu kuanzia mwaka 1962 hadi 1968, sekondari Masaka mwaka 1969 hadi 1974, kisha akaenda chuo cha ualimu Kyambogo, Kampala, akahitimu mwaka 1977, na kuanzia Januari 1978 akafundisha jiografia Masaka. Mada aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya nchi za kaskazini, akiwachorea wanafunzi ubaoni nchi ndefu yenye milima upande wa magharibi, mito inayoshuka sambamba kwenda bahari ya mashariki, misitu ya misonobari isiyo na mwisho, na vinukta vya watu vikiwa vimejazana kusini na kandokando ya pwani, na lile eneo la ndani la kaskazini akiliacha tupu, akiwaambia kwamba huko hakukaliki kwa sababu ya baridi. Theluji yenyewe hakuwahi kuiona, jamani, lakini aliifundisha miaka mitano bila wasiwasi.

Mwaka 1983, hali ya usalama ilipochafuka, alikimbilia Nairobi, na kwa kuwa vyeti vyake vya ualimu huko havikumpa kazi, alijifunza udereva, akawa anasambaza mikate kwa gari la kiwanda, na hapo ndipo Kiswahili chake kilipokolea. Nairobi hiyohiyo alikutana na binti wa nyumbani kwetu Uganda, Eseza Nabukenya, mjane tuliye naye hapa, wakafunga ndoa tarehe 22 Desemba 1985, na tarehe 3 Agosti 1987 wakajaliwa mtoto wa kwanza, Mirembe.

Tarehe 9 Novemba 1988 familia hiyo ya watu watatu ilishuka uwanja wa ndege wa Arlanda, hapa Sweden, na kwa kuwa siku hizo wakimbizi walikuwa wakisambazwa nchi nzima, walipelekwa Lycksele, ndani kabisa ya jimbo la kaskazini la Västerbotten, mahali palepale alipokuwa akipaacha patupu ubaoni. Alikuta theluji inayoanguka Oktoba na kuaga Mei, baridi inayofika nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri, jua la Desemba linalochungulia karibu saa nne asubuhi na kujiondokea saa saba na nusu mchana, kisha Juni isiyojua giza ni nini, na nyumba zilizofuata mto na barabara, moja hapa, nyingine kilometa sita mbele. Huko alizaliwa Noah, tarehe 17 Februari 1990, na tarehe 2 Septemba 1991, baada ya kupata leseni, marehemu alianza kuendesha basi kutoka mjini Lycksele hadi kijiji cha Gråtjärn, kilometa sitini na mbili, vituo kumi na kimoja.

Ni katika barabara hiyo alipolisahihisha somo lake, akatuambia kwenye simu kwamba aliwadanganya watoto wa watu, kwamba siyo baridi inayowahamisha watu wa kaskazini, baridi wamezaliwa nayo, bali shule hufungwa, duka likafuata, posta ikafuata, vijana wakateremka kusini, na anayebaki hukaa dirishani kutazama taa ya jirani ambayo mwaka huu haikuwaka. Alikuwa na daftari la shule alimochora nyumba zote za njia yake, na kila taa iliyozimika aliifutia kinukta chake. Kufika mwaka 2004 vituo vilivyokuwa vimebaki na watu ni vitatu tu.

Agosti 1994 dada yetu Eseza, ambaye alikuwa amechoka kuzungumza na redio, alipata nafasi ya kusomea uuguzi msaidizi hapa Stockholm, akahamia Akalla na watoto wote wawili, na marehemu akaahidi kwamba angewafuata majira ya kuchipua. Majira hayo yalikuja, yakaenda, yakaja tena, naye akawa anateremka siku nne kila mwezi, analala sebuleni kwenye kochi kama mgeni ili asiwaamshe watoto wa shule, kisha anarudi zake. Mwaka 2005 Eseza alimtafutia kazi ya kuendesha mabasi hapahapa mjini, akamwekea fomu mezani ikiwa imejazwa, ikakosa saini tu, na hakuisaini. Sisi wengine tukasema, aah, huyu bwana ana mke wa pili huko.

Basi mwezi Februari 2006 shemeji huyu anayewasomea alijipakia kwenye treni kwenda kumfumania. Alichokikuta siku ya Ijumaa, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, kwenye kituo cha Gråtjärn, kwenye baridi ambayo hataki kuikumbuka, ni ajuza wa miaka sabini na minne, Bibi Lina, mjane, mwenye mfuko wa kitambaa mkononi, akapanda, akaketi kiti cha nyuma ya dereva, na kwa saa nzima na dakika kumi waliongea mara mbili, bibi akisema leo kuna baridi, na dereva akikubali kwamba kweli kuna baridi. Mjini alinunua pakiti moja ya hamira, akasubiri kituoni ameegemea ukuta, na saa saba mchana akarudi na basi lilelile. Ripoti iliyoletwa Akalla ilikuwa kwamba mke mwenza ni mkubwa kuliko mama yetu na wala haongei, na Eseza alicheka siku hiyo, halafu akaingia jikoni akalia.

Marehemu alieleza kwamba mamlaka za usafiri huhesabu abiria kila mwaka, kwamba njia imebaki na abiria mmoja wa uhakika, Jumanne na Ijumaa, kwamba yeye akiondoka hakuna dereva mwingine atakayeikubali njia ile na itafutwa, na yule mama ana shughuli zake mjini, ataachwaje? Alipoulizwa ni shughuli gani, alishangaa, akasema mama mzee haulizwi. Angalau alikuwa na sababu, ila sababu hiyo ilimgharimu mtoto wake.

Tarehe 9 Juni 2006 Mirembe alihitimu sekondari, na wote tunaoishi hapa tunajua siku ile ilivyo, watoto wanatoka mbio na kofia nyeupe, wazazi wamesimama uwanjani wameinua kibao chenye picha ya mtoto alipokuwa mdogo. Marehemu alikuwa ameomba likizo na kununua suti ya kijivu, lakini dereva wa kumshikia zamu akaugua Jumatano, na Juni 9 ilikuwa Ijumaa. Kibao alikiinua shemeji. Tangu siku hiyo Mirembe alimjibu baba yake kwa Kiswidi tu, kwa heshima, maneno machache, kama anavyojibiwa karani wa dirishani, na marehemu alilibeba hilo miaka mingi bila kujitetea.

Septemba 2022 Bibi Lina aliingia makao ya wazee mjini Lycksele, njia ikafutwa mwezi uleule, na tarehe 8 Oktoba 2022 marehemu, akiwa na miaka sitini na saba, alihamia Akalla kwa mkewe baada ya miaka ishirini na minane. Hatutawadanganya kwamba aliukuta mji umemngoja, kwa sababu aliishi ghorofa ya saba kwenye jengo lenye milango mingi, akisalimia kila mtu kwenye lifti, akijibiwa na wachache, na alikiri kwetu kwamba alidhani upweke ameuacha kule nyumba zilikotengana. Hata hivyo Eseza alipata mtu wa kunywa naye chai, Noah akawa anakuja kutazama mpira naye, na Mirembe akaanza kupita Jumapili, bado na Kiswidi chake.

Mwezi Mei 2025 alianza kuumwa tumbo, uchunguzi ukaonyesha saratani ya kongosho, akatibiwa hospitali ya Danderyd, na Alhamisi tarehe 6 Novemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akafariki akiwa na miaka sabini. Mirembe alimwandikia Bibi Lina kumpa taarifa, na kwa kuwa nchi hii huzika baada ya wiki kadhaa, jibu limewahi kufika kabla ya maziko.

Bibi Lina, mwenye miaka tisini na mitatu, alimwandikisha mhudumu barua hiyo. Anasema tangu mumewe afariki hakuwa na shughuli yoyote mjini, chakula aliletewa na mpwa wake kwa gari, na nafasi ya makao ya wazee alipewa mara mbili, mara ya kwanza mwaka 2005, akaikataa, kwa sababu dereva alikuwa amebandika picha ya watoto wawili karibu na usukani, na yeye aliona kwamba akiacha kupanda, njia itafutwa na baba wa watoto wale atakosa kazi. Anasema hakumuuliza kitu, kwani kwao watu hawaingilii mambo ya wengine. Anasema anakumbuka Ijumaa moja ya Juni dereva alikuja amevaa suti ya kijivu na tai, akaendesha hivyo hadi mjini, akatamani sana kujua kuna nini, akaona si mahali pake kuuliza.

Mirembe alitusomea barua hiyo mezani, alipofika kwenye suti alishindwa, Noah akaimalizia. Suti hiyo ilikuwa kabatini, haijavaliwa mara ya pili, na ndiyo aliyovikwa leo, na Mirembe mwenyewe ndiye aliyemfunga tai, akimsemesha kwa Kiswahili cha utotoni mwake, na sisi tuliokuwa chumbani tulitoka nje.

Bibi Lina amejibiwa. Mirembe amemshukuru kwa kumtunzia baba yake kazi miaka yote ile, akasema watoto wa kwenye picha wamekua salama, na kwamba baba alibaki kaskazini kwa sababu alipapenda, hayo mengine, ya kwamba alibaki kwa ajili yake, hakumwandikia. Kwa hiyo karatasi za Kiswidi hazina habari hiyo, na nyinyi mnaoelewa lugha zote mbili tunawaomba, wakati wa kahawa, msiwasimulie wageni wetu, bibi yule amalize siku zake na furaha yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Danderyd, wauguzi waliokuwa wakimtembelea nyumbani, majirani wa jengo letu, ambao tangu msiba huu wanasalimia kwenye lifti, madereva wenzake wawili waliotoka Lycksele, na Bibi Lina, ambaye leo, siku ya Ijumaa, hana basi la kumleta.

Pumzika kwa amani, Samwiri, sisi tulikusubiri miaka ishirini na minane, sasa ni zamu yako kutusubiri.