Lori Haiinuliwi

Pale Kabiria, Nairobi, lami inapochoka na kuwa vumbi, kuna benchi mbele ya kibanda cha kuziba pancha. Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya tairi mbili za lori, na kwa sababu hiyo kila anayelikalia huamini anayajua malori. Kahawa ya tangawizi hapo ni nzito. Hoja ndizo nyepesi. Asubuhi ile walikuwapo wale wale wa kila siku: Rimu, fundi wa pancha, ambaye kanisani wanamwita Tobias; Mheshimiwa Njuguna, aliyewahi kugombea udiwani akanyimwa kura hata na mkewe, na Sajini Waithaka, soja wa kulinda mlango wa lojing'i moja ya kulaza wageni huko River Road, ambaye hajawahi kuwa sajini wa chochote. Na alikuwapo Nanyama, kikombe mkononi, akijuta kukaa. Kesho yake alikuwa na testi ya leseni ya lori, mara ya pili, na mtaa mzima ulijua alivyoanguka ile ya kwanza.

Iko hivi. Kabla hujaruhusiwa kuligusa lori, mtahini hukusimamisha mbele ya bodi: mji mdogo uliochorwa juu ya meza, na raundabauti zake na pakingi zake, na kigari cha toi cha kutosha kiganjani. Unakisukuma kwa vidole huku ukitangaza indiketa kwa mdomo, mtu mzima na akili zako. Nanyama alikisukuma vizuri hadi akaambiwa ageuze arudi alikotoka. Akakiinua, akakigeuza hewani, akakitua. Mtahini akavua miwani. "Madam," akamwambia, "lori haiinuliwi." Testi ikaishia hapo. Mtu ambaye mwaka mzima amekuwa akipanga maboza, yale malori ya tangi la maji, ndani ya yadi huko Karen, akiyarudisha kinyumenyume kati ya kuta mbili bila kuzikwaruza, aliangushwa na kitu ambacho mtoto wa jirani hukitafuna.

Na Wangeci, mwenye yadi, alikuwa amesema wazi: akija na leseni Jumatatu, boza jipya ni lake na barabara ni yake. Akija bila, kiti kitapewa kijana fulani wa Kawangware.

— Shida si bodi, alisema Rimu. Shida ni mkono. Mkono ya mwanamke imezoea kuinua. Sufuria anainua, mtoto anainua. Ukimpa gari, si ataiinua pia?

— Na wewe unainua gari na jeki kila siku, Nanyama akamjibu. Nani amekunyima leseni?

— Hiyo yangu ni kazi, siste. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ndiyo maana madereva wa lori ni watu wafupi.

Nanyama aliwafikiria madereva wote wa yadi, mmoja mmoja, akakosa mfupi hata mmoja. Lakini kuipinga hoja ya Rimu ni kama kuyapiga maji pasi, akaiacha.

Mheshimiwa aliidaka nafasi kama anayedaka maikrofoni. Alieleza kwa kirefu kwamba ile bodi si mchezo, ni ramani ya Nairobi ya kitambo, na kwamba mkoloni aliyeichora aliziba kwa makusudi njia ya kutokea ili mwananchi azunguke raundabauti mpaka uhuru. Kwa hivyo anayekiinua kigari amegundua siri, na serikali haiwezi kumpa leseni mtu aliyegundua siri. Alipoona wanamsikiliza akaongeza kwamba yeye mwenyewe aliibiwa kura kwa bodi kama hiyo hiyo.

— Wote hamjui, Sajini akawakata. Kile kitoi kiko na kamera kwa boneti. Hawaangalii mkono, wanaangalia sura. Dereva wa lori lazima akae amekasirika. Madam, ulicheka?

— Nilisema asante.

— Hapo ndipo ulianguka.

Akachomoa leseni yake mfukoni, akaipangusa kwa shati, akaipitisha mbele ya pua ya kila mmoja. Lori, trela, basi, zote zimeandikwa hapo. Sajini ameilipia leseni hiyo mwaka baada ya mwaka tangu ujana wake, na tangu ujana wake hajaonekana akisukuma hata mkokoteni. Nanyama alimuuliza alipita testi na lori la aina gani. Sajini akasema mambo ya zamani huachwa zamani.

Ndipo mtu akatokea kichochoroni akirukaruka kwa mguu mmoja. Alikuwa Mwanzia, dereva wa lori lililokuwa likishusha mawe ya ujenzi huko ndani.

— Niaje wasee. Jiwe imeniangukia huu mguu wa klachi, siwezi kukanyaga. Na nimefungia vani ya shule njia huko ndani, watoto wanalia. Nani hapa ako na leseni ya lori?

Rimu na Mheshimiwa wakamtazama Sajini. Sajini akatazama ndani ya kikombe chake.

— Goti, akasema. Hii baridi ya Kabiria.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Mheshimiwa alimpa Mwanzia pole.

— Mkuu gani? aliuliza Mwanzia.

Nanyama alikuwa na ile leseni ya muda ya mwanafunzi, inayomruhusu kushika usukani mradi kando yake aketi mwenye leseni kamili. Alijua pia kwamba akikwaruza ukuta wa mtu leo, kesho hakuna testi na Jumatatu hakuna boza. Honi ya vani ililia tena. Akaweka kikombe chini, akatoa mkobani zile L mbili za kubandika lori la mwanafunzi, alizoziandalia kesho.

— Mzee Sajini, amka. Leseni yako itakaa kushoto. Mimi nitakaa kulia.

— Na tukisimamishwa?

— Kasirika tu.

Mwanzia alimpa Nanyama funguo. Alimuuliza ameendesha nini, akaambiwa maboza, akaridhika. Wawili hao wakaingia kichochoroni, naye akajikokota hadi benchini, akakaa pale Nanyama alipokuwa amekaa.

Lori lilikuja kinyumenyume kutoka kichochoroni, polepole, kioo cha kushoto kikiupita ukuta kwa upana wa kitabu, gurudumu la nyuma likiambaa mtaro. Sajini alikuwa amefumba macho na kuishika leseni kifuani kama Biblia. Rimu hakuweza kujizuia.

— Siste, usiinue!

Lori likatoka, likakata kona, likasimama kando ya benchi bila kumwaga kahawa ya mtu. Vani ikapita, watoto wakipunga mikono.

Mwanzia aligeuka akawatazama waliokaa naye.

— Sasa huyu alianguka testi kwa nini?

Rimu alimwangalia Mheshimiwa. Mheshimiwa akainua birika. Halikuwa na kitu. Nanyama, mguu mmoja kwenye ngazi ya lori, alisimama kungoja jibu. Hakuwa na haraka. Testi ilikuwa kesho.