Jibu Alilopewa Declan

Kwenye basi la mjini Hamilton, bibi mmoja alikuwa akimcheka binti aliyetoka kwenye kozi ya walimu wa dini. "Eti kozi! Mimi nimefundisha shule ya Kikatoliki miaka thelathini kwa rozari yangu tu."

"Leo tumejifunza namna ya kumjibu mtoto aliyefiwa, bibi."

Bibi aliacha kucheka. "Mwanafunzi wangu Declan alikuwa na miaka saba. Aliniuliza mama yake aliyejiua yuko wapi. Nikamwambia yuko motoni."

Binti alijiziba mdomo. Mimi niliyeketi nyuma yao nikijifanya kusoma gazeti, nikaliangusha.

"Nani alikufundisha hivyo?" binti akamuuliza.

"Anifundishe nani? Nilipewa kitabu na ufunguo wa darasa."

Tulifika kituo cha mwisho, milango ikafunguka. Bibi alimshika binti mkono. "Niambie basi, mwanangu. Ningemjibuje?"