Mchora Nembo wa Kampuni Zisizokuwepo

Tarehe 30 Juni, baada ya kuitumikia studio yetu kwa miaka thelathini na miwili, mchoraji wetu mkuu wa nembo atalitoa koti lake la kazi kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa karakana, na safari hii hatalirudisha. Alipoajiriwa tulimwita Dada Nembo. Baadaye akawa Mama Nembo. Siku hizi vijana wa kompyuta humwita Bibi, naye huitika vizuri tu, kisha huwakabidhi brashi chafu wazioshe.

Kwa wageni wetu wa leo, studio hii hutengeneza tamthilia za miaka ijayo, za vyombo vya angani na miji ya sayari za mbali. Sasa, chombo hakiwezi kuruka bila mwenyewe. Mwenyewe ana kampuni, na kampuni ina jina, rangi na alama yake mlangoni, kwenye sare, hadi kwenye kikombe cha nahodha. Vyote hivyo vilipita mikononi mwa Mama Nembo: wachimba barafu, benki ya mwezini, watengeneza roboti wa kulea watoto, hata wale wa mazishi ya angani, aliowapa samawati iliyofifia kwa sababu, alisema, "mfiwa hataki kupigiwa kelele."

Hakushika penseli kabla ya kuijua kampuni kwa undani. Waandishi wetu wa hadithi walikuwa wakimwona koridoni wanageuza njia, maana maswali yake hayakuwa na mwisho. Mwanzilishi ana watoto? Waliirithi kwa amani au waligombana? Akiambiwa waligombana, alama ilitoka na ufa katikati.

Ugomvi wake na mwongozaji wetu, Mzee Kata, aliyepata jina hilo kwa neno alipendalo kuliko yote, "Kata!" la kusimamisha kamera, unajulikana na kila mtu hapa. Kulikuwa na kampuni iitwayo Pumua, iliyowauzia watu hewa na kuwafungia wasiolipa. Mzee Kata alitaka fuvu la kichwa. Mama Nembo akamletea jani changa la kijani.

"Hawa ni majambazi!" Mzee Kata akafoka. "Nataka watu wawaogope!"

"Jambazi akipiga hodi hajitaji," akamjibu. "Ukimvika fuvu, nani atamfungulia?"

Walinuniana wiki nzima, wakisalimiana kwa kikohozi. Jani likapita. Tamthilia ilipotoka, watazamaji walituandikia kwamba wakiona jani kwenye sabuni wanashtuka. Ila haki itendeke: Mzee Kata naye alishinda siku yake. Mama Nembo aliwahi kuandika "Mlango wa Dharura" kwa herufi nzuri mno zisizosomeka, na shujaa wetu, akikimbia moto, akaupita mlango na kwenda kujigonga kwenye rafu ya rangi. Mama Nembo alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini mimi, seremala wa studio hii, nikiulizwa kazi yake iliyo bora, nitataja dari.

Mwaka ule mume wake, fundi cherehani, alilazwa. Nasi tulikuwa tukijenga hospitali ya angani. Nembo yake ilishakubaliwa, mstari mwekundu juu ya mlango mweupe. Mama Nembo alikuja kazini moja kwa moja kutoka wodini, chai inapoa mbele yake. Asubuhi moja akaniomba nimshushie mbao za dari.

"Mzee wangu amelala chali," akaniambia. "Madoa ya dari yote ameshayapa majina. Sisi tunaweka alama mlangoni kwa wazima wanaoingia. Aliyelala tumemwekea nini?"

Mzee Kata alikataa. Kamera haitazami juu, na muda hatuna. Mama Nembo hakubishana, na hilo peke yake lilitutia wasiwasi. Alichora wakati sisi tukila chakula cha mchana: dirisha la duara lililofunguliwa, na mwanga wa manjano ukimwagika ndani. Nikazirudisha mbao mahali pake.

Siku ya kupiga picha hakuwepo. Mume wake alikuwa akipasuliwa.

Mwigizaji wetu, aliyecheza msafiri anayekufa, alipaswa kulia kwa sauti. Akalala, akainua macho. Uso wake ukalegea kama wa mtu aliyefika kwao. Maneno yake ya kuaga akayasema polepole, bila chozi. Mpiga picha, bila kuagizwa, akaifuata ile nuru kwa kamera yake mpaka juu. Sote tukamtazama Mzee Kata. Lile neno halikumtoka. Alivua miwani, akajifanya anaifuta.

Jioni ndipo Mama Nembo akapiga simu. Mgonjwa ameamka na anaulizia uji. Karakana nzima tulishangilia kama watoto.

Alipopata nguvu, fundi cherehani aliletwa kuona. Akajilaza kwenye kile kitanda cha mbao, akatazama juu kitambo. "Mngenileta huku tangu mwanzo," akasema, "ningepona mapema." Mkewe akatoka nje haraka, akisema rangi imemwingia machoni. Siku hiyo hatukuwa na rangi mbichi popote.

Tangu hapo hakuna chumba cha wagonjwa kinachojengwa hapa bila kuulizwa aliyelala ataona nini. Mzee Kata ndiye huuliza wa kwanza.

Asante, Mama Nembo, kwa mkono wako na kwa ubishi wako. Mume wako ametushtakia kwamba mkitazama tamthilia nyumbani hujui nani kaoa nani, kwa kuwa macho yako huwa kwenye nembo za masanduku yaliyo nyuma ya wapenzi. Basi nenda ukapumzike. Uwe na afya, na siku zisizo na haraka. Kaa na mzee wako kwenye kochi, masanduku tuachie sisi, nawe utazame nyuso za watu.