Herufi Iliyompandisha Mwalimu Nasibu Hadi Mgeta

Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu. Ndugu Afisa Elimu. Mkuu wa Shule. Mstaafu wetu mpendwa, Mwalimu Nasibu Mrisho, pamoja na mama yetu, Bi Salma. Wazee mlioshuka alfajiri kutoka Mgeta: shikamooni. Walimu wenzangu, habari za mchana. Nanyi wanafunzi, msisimame. Leo salamu yenu naipokea mkiwa mmeketi.

Naitwa Josephina Yohana, mkuu wa idara ya lugha. Risala ya wafanyakazi imekwisha kutaja miaka yake ya kazi na vyeo vyake, nami sitarudia. Nitasimulia jambo moja ambalo halimo katika faili lake. Na kwa kuwa jambo hilo linaanza na kosa lake mwenyewe, juzi nilimwendea kumwomba ruhusa. Akanijibu, "Liseme lote, Josephina. Ukilikata nusu hawatalielewa."

Basi nalisema lote.

Mwaka 2003 nilikuwa kidato cha kwanza, katika shule hii hii. Nilitoka Mgeta, ambako kwa miaka saba nilisoma kwa Kiswahili na kuongoza darasa. Nikashukia mjini, nikakuta historia ni kwa Kiingereza, jiografia ni kwa Kiingereza, hata mmea niliokuwa nikiupalilia tangu utotoni una jina nisilolijua. Ni wangapi humu ndani tunazikumbuka wiki zile? Mtoto aliyekuwa mwepesi wa kunyoosha mkono anageuka bubu, na hakuna anayeuliza sauti yake imekwenda wapi.

Siku moja, kipindi cha Kiingereza, Mwalimu Nasibu akanisimamisha nisome. Nikafika kwenye neno 'island', yaani kisiwa. Nikalisoma kama macho yangu yalivyoliona: 'is-landi'. Darasa likaangua kicheko. Hilo ningelivumilia, ndugu zangu. Lakini Mwalimu naye alicheka.

"Hiyo s haisomwi, binti," akasema. "Ni 'ailandi'."

Nikauliza kwa Kiswahili, maana sikuwa na kingine: "Sasa Mwalimu, kama haisomwi, imewekwa ya nini?"

"Ndivyo ilivyo. Kaa chini."

Hadi jioni shule nzima ilikuwa ikiniita Islandi. Waliniita hivyo bombani, wakaniita hivyo mstarini, wakanifuata na jina hilo njiani hadi mtaa wa Bigwa, kwa shangazi yangu nilikokaa. Ijumaa nilifunga begi langu, nikaomba lifti kwenye lori lililokuwa likipanda Mgeta, nikamwambia baba kwamba mimi na shule basi.

Baba yangu, Mzee Yohana, yule pale mwenye koti la kijivu, hakunipiga wala hakunibembeleza. Alinipa jembe. Kwa wiki mbili nililima, nikabeba kabichi kichwani kuteremka vijia vile hadi yanapopakiwa malori. Nilijiambia kwamba kabichi angalau haina herufi isiyosomwa. Lakini kila nilipowaona watoto wa sekondari wakipita na sare zao, nilijificha nyuma ya migomba.

Yaliyokuwa yakitokea huku mjini nilikuja kuyasikia baadaye kutoka kwa Bi Salma. Mwalimu aliliona dawati langu tupu, akakosa hamu ya chakula. Akamwambia mkewe, "Nina stashahada ya Kiingereza, na swali la yule mtoto sijui jibu lake." Ni watu wazima wangapi wana ujasiri wa kulisema neno hilo hata mbele ya wake zao? Jumamosi akaenda maktaba ya chuo, akafunua kamusi kubwa kubwa hadi akalipata jibu. Jumamosi iliyofuata akapanda lori tupu lililokuwa likifuata kabichi.

Nilikuwa shambani nilipomwona. Mtu wa Tabora, nchi tambarare ambako mgeni anaonekana akiwa bado mbali, anaupanda mlima wetu karibu kwa miguu na mikono, viatu ameshika, matope hadi magotini. Baba akampa kigoda na viazi vya kuchemsha. Mwalimu hakugusa viazi.

"Mzee Yohana," akasema, "nimekuja kumwomba radhi binti yako."

Baba akashangaa. "Radhi ya nini?"

"Aliniuliza swali la maana, nikamcheka."

Kisha akanigeukia. "Josephina, ile s haikuwemo. Zamani Waingereza wenyewe waliliandika neno lile bila s, kama wanavyolitamka. Yapata miaka mia tano iliyopita, wasomi wao wakadhani limetoka kwenye neno la Kilatini lenye s, wakaichomeka. Walikosea, na hawajaitoa mpaka leo. Swali lako lilikuwa sahihi."

Baba akatafakari. "Kumbe na wenye lugha wanakosea?"

"Wanakosea, mzee."

"Na hakuna anayewacheka?"

Mwalimu akainamisha uso. "Hakuna."

"Na wewe umepanda mlima wote huu kwa ajili ya herufi moja?"

"Herufi ningeiandika kwenye barua, mzee. Hili la kumcheka mtoto nimeona nilete mwenyewe."

Nililia, ndugu wageni waalikwa. Sikulia kwa sababu ya s. Nililia kwa sababu sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akimwomba mtoto radhi, tena mbele ya baba yake.

Jumatatu nilirudi. Mwalimu akasimama mbele ya darasa lile lile, akarudia maneno yale yale, bila kujipunguzia. Jina la Islandi likafa siku hiyo. Na tangu hapo, kila Ijumaa, alitenga dakika kumi za neno moja na asili yake. 'Window', dirisha, tukaambiwa lilianza kama jicho la upepo. Sisi wa Mgeta, tunaolala na baridi ya milimani, hatukuhitaji maelezo zaidi. 'Breakfast', chai ya asubuhi, tukaambiwa maana yake ni kuvunja mfungo. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na mwenzetu Mwinshehe, aliyekuwa amefunga, akaruka kwenye kiti: "Kumbe Waingereza nao wanafuturu!"

"Wanafuturu asubuhi," Mwalimu akamjibu.

Mwinshehe akashusha pumzi. "Basi wana nafuu."

Tulicheka, lakini katika kicheko kile woga ulitutoka. Tuligundua kwamba Kiingereza nacho kimeundwa na watu, wakiazima kwa jirani na kukosea njiani, kama Kiswahili chetu kilivyoazima meza kwa Mreno na kitabu kwa Mwarabu. Nani aendelee kuogopa kitu ambacho ameshajua asili yake? Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kwenda kidato cha tano.

Walimu wenzangu, niwaulize jambo, na nianze na nafsi yangu: wiki hii tumemwambia mtoto "ndivyo ilivyo, kaa chini" mara ngapi? Mimi nimesema Jumanne. Jumatano nilimtafuta yule mtoto, na jibu lake bado nalitafuta.

Namalizia. Siku ya kwenda kidato cha tano, Iringa, walinisindikiza wawili hadi kituo cha mabasi Msamvu, baba na Mwalimu. Basi lilipoanza kusogea nikatoa kichwa nje, nikasema kwa maringo, "Gudbai, sir!"

Akawa anatembea sambamba na basi. "Unajua maana yake?"

"Si kwaheri?"

"Ilikuwa sala: 'Mungu awe nanyi.' Watu wakaisema haraka haraka, kizazi hadi kizazi, mpaka sala ikajificha ndani ya neno."

Baba, ambaye hajui Kiingereza hata kidogo, akaniwahi mkono dirishani. "Mimi naisema yote," akasema. "Mungu awe nawe, mwanangu."

Mheshimiwa Diwani, nakushukuru kwa nafasi hii. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kunitegea sikio. Mwalimu Nasibu, hapa leo hakuna mwenye haraka. Kwa niaba ya kila mtoto uliyemfundisha kuuliza, tunalisema lote: Mungu awe nawe.