Kisima Chenye Miiba

Tulikaa juu ya magunia ya unga, pikapu inatoka Lodwar kwenda Kakuma. Mbele yangu mzee Mturkana, Lopeyok, alikuwa anamweleza mama mmoja Mdinka wa kambi ya wakimbizi, Adau, kwamba shirika la misaada limemwita mkutanoni. Wanataka visima vya kwenye mto mkavu viwe vya kamati, wenyeji na wakimbizi pamoja.

"Changu nimekichimba mwenyewe kwenye mchanga," alisema. "Nimekizungushia miiba. Kwetu, anayetaka maji anakuja kuniomba, nami simnyimi. Lakini kuna mwanamke wa kambi aliitoa miiba, akachota kama kwao."

"Ni mimi, mzee," Adau akasema. "Mimi nilidhani miiba ni ya kuzuia mbuzi. Na hata ningejua ni chako, ningekuomba wapi? Nasikia ulikuwa mbali, Lorugum, na ngamia, na watoto wangu walikuwa na kiu."

 

"Mke wangu alikuwa nyumbani," mzee akasema. "Na mafuriko yakijaza kisima mchanga, kamati itachimba?"

"Tutachimba. Wewe utuonyeshe tu mahali."

"Sasa hata kichwa changu mnataka kiwe cha kamati!"

Tuliokuwa juu ya magunia tulicheka, na Adau pia. Pikapu ikasimama Kakuma. Mzee akashuka kwanza, akamgeukia. "Mama, ukisimama mkutanoni, anza kwa kuniomba."

"Nikikuomba, mzee," Adau akajibu, "si nitakuwa nimekubali ni chako?"