Historia ya Marehemu Honi, Mpandisha Kitambaa wa Kituo cha Miwa

Ndugu, jamaa na majirani, karatasi hii nimekabidhiwa mimi dada yake kwa sababu watoto wake wakianza kuisoma wanalia, na machozi yangu mimi yana adabu, yanangoja wageni waondoke, kwa hiyo tulieni, na wale waliokuja kusikia kama nitalitaja jambo la miwa iliyochacha, nitalitaja, msiwe na haraka.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, kitinda mimba wa watoto watano, katika nyumba hii iliyo nyuma yenu, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, akamaliza darasa la saba mwaka 1965 bila kung'ara wala kufukuzwa, na jina la Honi alilipata huko huko, maana aliisikia treni ya kiwanda kabla ya mtu mwingine yeyote, mwalimu akidhani anatafuta kisingizio cha kutoka nje, akamchapa, kisha treni ikapita.

Mwaka 1969 aliajiriwa na kiwanda cha sukari kubadilisha njia za reli, na hapo akaona kilichokuwa kinatumaliza, kwamba miwa ya kampuni ilipanda mabehewa asubuhi ikasagwa jioni, na yetu sisi wenye vishamba ilibebwa na matrekta ya kukodi, ikakwama matopeni, ikafika kwenye mizani imekauka kama kuni. Alimsumbua meneja hadi meneja akaona afadhali ampe mabehewa kuliko kuendelea kumkuta mlangoni, na mwezi Juni 1983 mabehewa matatu yakaanza kusimama upande wetu, kwa mpango wake mwenyewe: tukate kwa zamu, treni ikipiga honi mara mbili kwenye kona jioni, maana yake kesho inachukua mzigo, yeye apandishe kitambaa cheupe kwenye mlingoti wa kituo, mwenye zamu achome shamba lake kuondoa majani makavu, alfajiri tukate, kwa kuwa muwa ukishapitiwa na moto haungoji mtu. Mabati mengi mnayoyaona hapa yalitoka kwenye kitambaa kile.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1975, na wifi yangu, fundi cherehani, ndiye aliyekishona kitambaa hicho kwa shuka lake la harusi, jambo ambalo mama yetu hakulisamehe. Walijaliwa watoto watatu, fundi wa kuchomelea, mwalimu, na dereva wa lori la miwa, ambalo baba yake hakulipanda hata siku moja.

Tarehe 19 Septemba 1991, jioni, marehemu alisikia honi mara mbili, akapandisha kitambaa, na kwa kuwa mvua ilikuwa imevuruga zamu, wenye mashamba saba tukachoma kwa pamoja, langu likiwemo. Kesho yake miwa ilijaa kituoni, treni haikuja, wala siku iliyofuata, na dereva wake akaapa kwamba injini ilikuwa imefunguliwa karakanani, haikutoka hata getini. Miwa ikachacha mbele ya macho yetu, wakaja nyuki, wakaja nzi, na mtu mmoja, ambaye leo amekaa pale karibu na jiko, akamwambia, "Honi, masikio yako yametulisha majivu," naye akajibu tu kwamba aliisikia. Januari iliyofuata kampuni iliondoa mabehewa, treni isipite tena huku kwetu, ikasema wakulima wadogo hawana mpango, tukarudi matopeni, ndiko tuliko hadi leo.

Tangu hapo, kila msimu, giza likianza kuingia, aligeuza kichwa katikati ya chakula, kijiko hewani, nasi tukala tukimtazama. Alifyeka nyasi za relini miaka yote, lakini kitambaa hakukipandisha tena. Wifi yangu, kabla hajafariki mwaka 2014, aliniambia kwamba kulala na mtu anayesikiliza ni sawa na kulala mlangoni.

Mwezi Mei mwaka huu miguu ilimvimba, daktari akasema ni moyo, akalazwa, na tarehe 2 mwezi huu, alfajiri, alimshika muuguzi mkono wa nguo, akamwomba akaangalie kwa macho kama imefika, kabla watu hawajawasha moto. Muuguzi, Mungu amlipe, alikwenda dirishani kweli, na aliporudi mdogo wangu alikuwa ameshakwenda.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika, na wazee wa reli mliochimba kaburi bila kuombwa.

Limebaki moja. Jana jioni, mkipanga viti, ilipiga mara mbili. Msiniangalie mimi, mlisikia wote, hata huyo wa karibu na jiko aliangusha sufuria. Mtoto wake, huyu dereva, alikimbia hadi kituoni, hakukuta treni, alikuta nyasi zilizoota relini tangu baba yake augue zimelala zote, upande mmoja. Sitaki maelezo ya mtu. Miwa yetu imekomaa, na kitambaa tumekikunja tukamwekea chini ya kichwa, kwa hiyo ikipiga tena, hakuna wa kutuambia tuchome wala tusichome.

Ulisikia, mdogo wangu, sasa wanajua. Geuza kichwa huko, usisikilize tena, zamu hii ni yetu. Pumzika kwa amani.